Tanuri la vyungu na mlima: kumtafutia kijana chuo kidogo cha sanaa huria Marekani

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku, ametoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Lexington, Kentucky. Salamu aliziruka. "Mdogo wangu, mwanao ana orodha ya vyuo 31, na mimi naviona vyote ni chuo kimoja."

Nikamwomba anitumie hiyo orodha. Nilipofungua tovuti za vyuo vyenyewe nikaona alichokiona yeye: wanafunzi watatu wamekaa kwenye nyasi, mti nyuma yao una majani mekundu, mmoja ana gitaa, mmoja ni mweusi na anacheka, na kwa mbali kuna mlima. Chuo cha pili vivyo hivyo. Cha tisa vivyo hivyo.

Huyo "mwanao" ni binti yake, na kwetu mtoto wa dada ni mwanangu. Ana miaka 17. Kucha zake zina udongo mwaka mzima kwa sababu anafinyanga. Jumamosi humkuti nyumbani; yuko Red River Gorge, mwendo wa kama saa moja kutoka Lexington, anakwea majabali na wenzake, kamba kiunoni. Mshauri wa shule alipomuuliza anataka kusoma nini, alijibu kwamba anataka mahali penye tanuri la vyungu na mlima. Mshauri akaandika "chuo kidogo cha sanaa huria", akampa orodha.

Nimeishi na orodha ile mwaka mmoja na nusu. Kilichotusaidia kuipunguza ni swali moja, ambalo binti mwenyewe alilipata baada ya kuchoshwa na picha: Jumanne ya kawaida ya mwezi wa Februari, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa anafanya nini tangu asubuhi hadi usiku? Picha zile ni za Oktoba, tena Jumamosi. Miaka minne ya chuo imejaa Jumanne.

Kwanza, hilo neno lenyewe. Sisi Waswahili tunalisikia vibaya kutoka pande mbili. Mtu mzima wa pwani akisikia chuo anakumbuka mkeka, Kurani na fimbo ya mwalimu. Tanzania chuo ni chochote kinachofuata baada ya sekondari, kuanzia ufundi wa magari. Kenya ukisema mtoto anakwenda koleji, watu wanakupa pole, maana wanadhani alikosa alama za kuingia yunivasiti. Marekani hakuna pole hiyo. Koleji ni mahali pa kusomea shahada ya kwanza, basi. Hata Harvard, wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wako Harvard College.

Upande wa pili ni hiyo "sanaa". Shangazi yetu wa Tanga aliuliza kwa uchungu, "Miaka minne anasomea kuchora?" Hapana. Sanaa huria ni jina la kale la elimu ya mtu huru, na hapo zamani zilihesabiwa saba: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jometri, muziki na falaki. Leo chuo cha sanaa huria ni kile ambacho kemia, historia, uchumi na uchongaji vinakaa chini ya paa moja, na mwanafunzi anatakiwa kuonja vingi kabla ya kutangaza fani yake kuu, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka wa pili. Wanafunzi huwa kati ya 1,000 na 3,000. Wa shahada za uzamili na uzamivu hawapo, au ni wachache mno, kwa hiyo profesa mwenyewe ndiye anayemfundisha mtoto wa mwaka wa kwanza, na ndiye anayejua jina lake.

Kama shangazi bado ana mashaka, nina mifano miwili ya nyumbani. Mwaka 1960 Wangari Maathai aliondoka Kenya katika ule mpango wa ndege za wanafunzi uliobuniwa na Tom Mboya, akapelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Alihitimu biolojia mwaka 1964. Chuo hicho leo kinaitwa Benedictine College, na wengi waliomsoma Wangari hawakijui. Naye Lupita Nyong'o, kabla ya Yale na kabla ya Oscar, alisoma filamu na tamthilia Hampshire College, Massachusetts, mahali ambapo mwanafunzi hakupewa alama za herufi bali maelezo ya maandishi kutoka kwa kila mwalimu.

Sasa udongo. Kijana anayependa sanaa ana njia mbili tofauti kabisa, na watu huzichanganya. Kuna shule ya sanaa, kama Rhode Island School of Design, ambako sehemu kubwa ya masomo, mara nyingi theluthi mbili, ni kazi ya studio. Na kuna chuo cha sanaa huria ambako hata aliyechagua sanaa kuwa fani kuu hutumia huko kama theluthi moja tu ya masomo yake. Mtoto asiyeweza kulala bila kushika brashi, na ambaye hesabu inamtesa, ni heri aende shule ya sanaa. Wetu si huyo. Siku moja alitoka Red River Gorge na mfuko wa vumbi la jabali, akaniuliza kwa simu, "Mama mdogo, unajua udongo wa kufinyangia ni jabali lililooza?" Ni kweli. Kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kauri, hutokana na madini ya mwamba yaliyoliwa na maji kwa muda mrefu mno. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto huyu hana mapenzi mawili. Anapenda mwamba, mara ukiwa mgumu, mara ukiwa laini. Anahitaji mahali atakaposoma jiolojia asubuhi na kufinyanga mchana bila mtu kumwambia achague.

Kwa hiyo tukaanza kuuliza kuhusu studio, na majibu yalitufundisha mengi. Vyuo vingi vina jengo zuri la sanaa. Swali ni nani anaruhusiwa kuingia. Darasa la ufinyanzi huwa na viti vichache kwa sababu magurudumu ni machache, na wanaojiandikisha kwanza ni wa mwaka wa nne. Kuna mahali mtoto wa mwaka wa kwanza hagusi udongo mpaka mwaka wa pili. Kuna mahali studio inafungwa saa kumi na moja jioni, wakati kazi ya udongo inadai urudi usiku kuangalia kama chungu kimekauka vya kutosha kupunguzwa kitako. Kuna mahali ambapo mwalimu wa ufinyanzi ni mmoja na ana mkataba wa mwaka mmoja. Akiondoka, tanuri linakuwa pambo. Katika ziara moja, mwanafunzi aliyekuwa akitutembeza alitusifia maktaba kwa dakika ishirini, lakini alipoulizwa tanuri liko wapi hakujua. Sikumlaumu kijana wa watu. Lakini chuo kilikuwa na wanafunzi wasiofika 2,000, na kama tanuri lingekuwa sehemu ya maisha yao angelijua.

Mlima nao una mtego wake, kwa sababu kukaa karibu na mlima si sawa na kupelekwa mlimani. Kijana asiye na gari, asiye na viatu vya theluji, ambaye mama yake hajawahi kulala kwenye hema kwa hiari, ataushangaa mlima dirishani kwa miaka minne. Kwa hiyo mnauliza: vifaa vinaazimwa bure au vinakodishwa? Basi lipo? Kuna mtu wa kumfundisha asiyejua kabisa, au klabu ni ya wale waliozaliwa na skii miguuni? Ile safari ya porini kabla ya masomo kuanza, ambayo vyuo vingi huwapeleka wanafunzi wapya, inalipiwa na nani?

Williams, Massachusetts, wana desturi inayosisimua. Ijumaa moja kati ya tatu za kwanza za Oktoba, isiyotangazwa mapema, kengele zinalia asubuhi, masomo yanafutwa, na chuo kizima kinaelekea mlimani. Wengi hupanda Greylock, mlima mrefu kuliko yote ya jimbo hilo. Ni siku moja. Sababu ya kukipenda Williams kwa mtoto wa sanaa ni nyingine: mji ule mdogo una jumba la sanaa la chuo na jumba la Clark, na jirani yake, North Adams, kuna MASS MoCA, viwanda vya zamani vilivyogeuzwa mwaka 1999 kuwa mojawapo ya majumba makubwa ya sanaa ya kisasa nchini humo.

Mahali ambapo milima imeingia kwenye ratiba yenyewe ni St. Lawrence, mji wa Canton, kaskazini kabisa mwa jimbo la New York. Kinaitwa yunivasiti lakini kwa ukubwa na mwenendo ni chuo cha sanaa huria. Kila msimu wa majani kuanguka wanafunzi hujigawa makundi kujaribu kuweka watu juu ya vilele vyote 46 virefu vya milima ya Adirondack katika wikiendi moja. Zaidi ya hapo, mwanafunzi anaweza kuishi muhula mzima msituni, kando ya ziwa, katika kijiji cha mahema ya mviringo ya Kimongolia, bila simu wala intaneti, akisoma masomo yake hukohuko na kupika kwa zamu. Na kuna jambo lililonigusa binafsi: tangu mwaka 1974 chuo hiki kina muhula wake Kenya, wanafunzi wanafikia Nairobi, wanajifunza Kiswahili, wanakaa na familia za mjini na vijijini. Fikiria mtoto wa Kitanga aliyekulia Kentucky, anayejibu Kiswahili cha mama yake kwa Kiingereza, akirudishwa Afrika Mashariki na chuo cha jirani ya Kanada.

Colorado College ni hadithi nyingine. Kiko Colorado Springs, chini ya Pikes Peak, mlima unaokaribia urefu wa Meru. Tangu mwaka 1970 wanafunzi wake husoma somo moja tu kwa wakati, wiki tatu na nusu, kisha mapumziko ya siku chache, kisha somo jingine. Maana yake darasa la jiolojia linaweza kupanda basi na kulala makorongoni siku nne bila kumkosesha mtu kipindi kingine. Maana yake mfinyanzi ana siku nzima na udongo wake. Jumanne ya Februari hapo ni ya kitu kimoja, kuanzia asubuhi. Binti yetu macho yalimng'aa. Mimi nilibaki na wasiwasi ambao sijautoa mpaka leo: lugha ya kigeni na hesabu ngumu hazipendi kumezwa kwa wiki tatu, na mtoto akiugua wiki moja amekosa karibu theluthi ya somo. Kwa anayejijua kwamba akili yake huzama kwenye jambo moja, sioni chuo kinachokizidi. Kwa anayehitaji muda mambo yatulie, angalau akaketi darasani humo siku mbili kabla ya kuamua.

College of the Atlantic, kisiwani Mount Desert huko Maine, ni kidogo kuliko shule nyingi za msingi za Dar es Salaam: wanafunzi kama 350. Kila mmoja anahitimu shahada ileile, ikolojia ya binadamu, lakini njia anaijenga mwenyewe, mwingine kwa uchoraji, mwingine kwa nyangumi. Hifadhi ya Acadia iko mlangoni. Udogo huo ni neema na ni hatari, nitalirudia hilo.

Sasa Berea, ambako lazima nikae kidogo, kwa sababu kilikuwa chini ya pua zetu na hakikuwemo kwenye orodha ya mshauri.

Kiko Kentucky, chini ya saa moja kwa gari kusini mwa Lexington, pale milima ya Appalachia inapoanza. Kilianzishwa mwaka 1855 na John Fee, mhubiri aliyepinga utumwa ndani ya jimbo la watumwa. Weusi na weupe walisoma pamoja hapo mpaka jimbo lilipopitisha sheria ya kuwatenganisha mwaka 1904, na sheria ilipolegezwa mwaka 1950 chuo kikafungua tena mlango. Tangu mwaka 1892 hakuna mwanafunzi aliyelipa ada ya masomo. Narudia kwa sababu dada alinifanya nirudie mara tatu: ada ya masomo hailipwi. Chakula na malazi ni hesabu nyingine, ingawa nazo husaidiwa kwa kadiri ya hali ya familia. Sharti la kwanza ni kwamba familia iwe ya kipato kidogo. Mtoto wa tajiri hapokelewi. Sharti la pili ni kazi. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na baadhi ya kazi hizo ni za mikono za kale: kufuma kwa kitanda cha mfumi, useremala, ufinyanzi, kufunga mifagio. Vitu vinauzwa. Chuo kina msitu wake wenye njia za kupanda vilima, na kila Oktoba kina siku yake ya mlima.

Dada alisikiliza yote, akanyamaza, kisha akasema neno ambalo sikulitarajia. "Sikuvuka bahari ili mwanangu afunge mifagio."

Ninamwelewa. Yeye mwenyewe anainua wazee usiku kucha. Kwake chuo ni mahali mtoto anapopumzishwa mikono. Nilimkumbusha tu mikono ya bibi yetu, ukili na miyaa iliyotiwa rangi, mkeka unaochukua wiki sita, na jinsi wageni walivyoununua kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna aliyewahi kuiita kazi ile elimu. Tulikwenda Berea siku ya wazi. Aliingia karakana ya mifagio bado amekasirika. Kijana mmoja alikuwa akikaza nyuzi za rangi kwenye shina la mfagio, mguu umekanyaga, mikono inavuta. Dada alisimama muda mrefu. Kisha akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba bibi yake alianza na uzi mwekundu, si wa bluu, na yule kijana akamuuliza kwa nini. Wakazungumza robo saa. Kwenye gari hakusema kitu, ila Berea ikaingia kwenye orodha.

Tukaja kwenye fedha, na hapa ndipo familia nyingi zinapokimbia bila sababu au zinapoingia shimoni kwa macho wazi. Bei inayoandikwa kwenye tovuti ya chuo binafsi, ikijumlisha ada, malazi na chakula, kwa vyuo vingi imepita dola 80,000 kwa mwaka. Ni bei ya bango. Familia ya kipato cha dada yangu karibu hailipi bei hiyo popote. Tangu mwaka 2011 sheria inavitaka vyuo viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi: unaingiza mapato, akiba na idadi ya watu nyumbani, kinakupa makadirio ya utakacholipa. Kichukueni jioni moja, mfanye vyuo vyote. Sisi tuliondoa vyuo 11 usiku mmoja. Na ajabu ni kwamba baadhi ya vyenye bei kubwa zaidi ya bango vilitoka rahisi kuliko vyuo vya bei ya wastani, kwa sababu vyuo vyenye utajiri kama Williams na Bowdoin huziba pengo lote la mahitaji ya familia, tena bila kumbebesha mtoto mkopo. Vyenye utajiri mdogo hutoa punguzo kwa sifa, alama nzuri au jalada la kazi za sanaa, punguzo linaloonekana kubwa mpaka utoe hesabu na kuona kilichobaki.

Barua ya msaada ikifika, chukua kalamu. Ruzuku ni fedha usiyoirudisha. Mkopo ni deni, hata ukiandikwa kwenye safu ileile ya "msaada". Kazi ya chuoni ni mshahara ambao mtoto bado hajaufanyia kazi. Toa ruzuku peke yake kwenye gharama yote, kilichobaki ndicho bei yenu. Na kuna njia ya kuomba mapema, mwanzoni mwa Novemba, ambayo humfunga mtoto: akikubaliwa, anakwenda. Nafasi huongezeka, lakini mnapoteza uwezo wa kulinganisha barua mbili. Kama fedha ndiyo itakayoamua, msiitumie mpaka kikokotoo cha chuo hicho kiwe kimewaridhisha.

Hati zenu zinaamua mlango. Mwenye uraia, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi na aliyepewa hifadhi hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali. Familia nyingi za Kikongo huko Kentucky hazijui kwamba zimo. Anayeomba kutoka Dar, Nairobi au Bukavu hana FAFSA. Atajaza CSS Profile, fomu ya msaada ambayo vyuo vingi binafsi hutumia, au fomu ya chuo chenyewe, na ajue kwamba kwa vyuo vingi, mwanafunzi wa kigeni anayeomba fedha nyingi anapata ugumu zaidi wa kukubaliwa. Vichache havitazami hilo, Amherst na Bowdoin vikiwemo. Berea nacho huchukua wachache sana kutoka nje na kuwagharamia mwaka wa kwanza. Kuna pia njia ya Moshi: waliomaliza UWC East Africa, shule yenye kampasi Moshi na Arusha, wanaweza kuingia mpango wa Davis ambao huvipa vyuo fedha za kuwasaidia wahitimu wa UWC, na College of the Atlantic kilikuwa kati ya vyuo vitano vya kwanza kwenye mpango huo mwaka 2000. Ofisi za EducationUSA Nairobi na Dar es Salaam hutoa ushauri. Masharti ya viza yamebadilikabadilika tangu 2025, kwa hiyo mtu aulize hali ya nchi yake kabla ya kulipia chochote.

Nilisema nitarudi kwenye udogo. Hili ndilo linaloniumiza zaidi katika jambo zima: vyuo ambavyo mtoto wa sanaa na porini huvipenda kwa moyo wote, vile vya shamba na tanuri na wanafunzi mia tatu, ndivyo vinavyokufa. Green Mountain College, Vermont, kilichojulikana kwa masomo ya mazingira, kilifungwa mwaka 2019. Marlboro, jimbo hilohilo, mwaka 2020. Goddard, hapohapo, mwaka 2024. Mwaka huohuo wa 2024 University of the Arts ya Philadelphia iliwatangazia wanafunzi wake kwamba inafunga, na ikafunga ndani ya wiki moja. Hampshire, chuo cha Lupita, mwaka 2019 kilitangaza kinatafuta mshirika na kikakataa kuchukua darasa kamili la wanafunzi wapya. Anayekifikiria leo aanze kwa kuuliza hali yake ya sasa.

Sababu hazina fumbo. Watoto wanaozaliwa Marekani walianza kupungua baada ya mwaka 2007, na hao ndio wanaofika umri wa chuo sasa. Chuo kinachoishi kwa ada ya wanafunzi 300 kikikosa 40, kimekosa mishahara. Kinachookoa vyuo ni kitu ambacho sisi tunakijua kwa jina lake zuri: wakfu. Mali iliyowekwa haiuzwi, yanatumika mapato yake. Chuo chenye wakfu mkubwa kinaweza kuvuka miaka kumi mibaya. Berea kinawasomesha watoto bila ada kwa sababu ya wakfu wake. Kwa hiyo gawanya wakfu wa chuo kwa idadi ya wanafunzi, ulinganishe vyuo vyenu. Tazama kama idadi ya wanafunzi imeshuka miaka mitano mfululizo. Tazama kama chombo kinachotoa ithibati kimekipa onyo. Taarifa hizo huwekwa wazi. Halafu umuulize mkuu wa udahili ana kwa ana ni fani zipi zimefutwa hivi karibuni. Akibabaika, ondokeni kwa adabu.

Na kuna ngozi yetu. Vermont na Maine ni kati ya majimbo yenye weupe wengi zaidi nchini. Mtoto mweusi peke yake kwenye njia ya msituni anatazamwa tofauti na mwenzake, hilo sitalificha. Tulimuuliza kila mwanafunzi mweusi tuliyekutana naye: nani anakusuka nywele, na unafuata mbali kiasi gani? Jibu hilo hueleza mji kuliko takwimu. Bates, Maine, kilitushangaza kwa upande huo. Kiko Lewiston, mji wa viwanda ambako Wasomali walianza kuhamia mwaka 2001, wakafuatiwa na Wasomali Wabantu, ambao wengi wao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu na kusini yake. Kuna misikiti, kuna maduka ya unga na viungo, kuna vitenge barabarani. Chuo chenyewe kina klabu ya matembezi ya porini ya tangu 1920 na tamasha la dansi kila kiangazi. Baridi ya huko haina huruma, na jua la Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtoto aende akaione.

Na ndivyo tulivyofanya. Vyuo kadhaa hulipia nauli ya wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo waje kutembea. Mwanafunzi anaomba kwa barua, na ya binti ilijibiwa. Alikwenda chuo kimoja cha kaskazini Februari, akalala bwenini, na Jumanne akaandika kila kitu kwenye daftari. Saa tatu, jiolojia, watu 14. Saa sita, chakula, wali mkavu. Saa nane, studio. Mwalimu alimpa bonge la udongo na kumwonyesha gurudumu. Saa kumi na mbili, giza, watu saba wanapaka nta skii kwenye ghala na mmoja anamfundisha. Saa nne usiku, studio bado ina taa. Saa tano, simu ya mama yake: umekula, umeona mtu mweusi, umevaa soksi mbili?

Barua zimekuja mwishoni mwa Machi. Dada amezibandika kwenye friji, na chini ya kila moja ameandika kwa kalamu nyekundu namba moja tu, ile iliyobaki baada ya kutoa ruzuku. Zilizosalia ni mbili, ya kaskazini na ya Berea, na jibu linatakiwa kabla ya tarehe 1 Mei. Binti hajasema. Ameomba aone Berea tena, safari hii siku ya masomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue dada yangu ameomba ruhusa kazini. Wanakwenda Jumanne.